Fahamu: Namna ya kufunga hita ya kuogea kwa usalama

Juni na Julai, baridi ya Tunduma, Vwawa na Ileje huwafanya wengi watamani maji ya moto. Lakini hita ya bafuni ikifungwa ovyo, huua.

Kwa nini isichomekwe kwenye soketi?
Hita ya wati 5,500 kwenye umeme wa volti 230 huvuta takriban ampea 24. Plagi ya kawaida hubeba ampea 13 tu. Ukilazimisha, waya hupata moto na plastiki huyeyuka.

Ifungwe vipi?
Ipewe laini yake kutoka mainswichi, yenye waya wa milimita za mraba 6 na sakiti breka ya ampea 32. Waya wa ethi usikosekane. Ongeza RCD ya miliampea 30, inayokata umeme mara unapovuja. Swichi ikae nje ya bafu, mbali na mikono yenye maji.

Nani aifunge?
Fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Mwombe akuonyeshe leseni hiyo kabla hajaanza kazi.

Ukihisi bomba linapiga shoti, hata kidogo, acha kuoga, zima mainswichi na umwite fundi. Usisubiri kesho.