Mashine inalia, lakini utachimba kwa kifaa gani?

Na Mwandishi Wetu, aliyekuwa Kasese

KIJANA alisimama katikati ya mawe ya Mto Nyamwamba, mjini Kasese, akipitisha duara la mashine yake juu ya mchanga polepole, kama fundi cherehani anayepiga pasi. Mashine ikalia. Akarudisha mkono, ikalia tena pale pale, lakini kwa sauti nyembamba ya kitu kilicho mbali.

"Hiki kiko chini sana," aliniambia. "Jembe langu halifiki. Wewe mwandishi umetembea nchi nyingi, hebu niambie ninunue nini."

Swali hilo ndilo lililonifikisha Bwera siku mbili baadaye.

Kijana huyo, aliyeomba nisimtaje jina, huishi kwa kutafuta vyuma chakavu na kuviuza kwa kilo. Mashine yake ya kutambua vyuma aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, na bado analipa deni lake.

Kasese ina sababu ya kuwa na vyuma vingi chini ya ardhi. Mji huu ulikuzwa na shaba ya Kilembe, na reli ya kutoka Kampala ilifika hapa mwaka 1956 kwa ajili ya kuisafirisha. Mgodi ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kisha ukaja mto. Mafuriko ya Mei 2013, na mengine ya Mei 2020, yalishuka kutoka Milima ya Rwenzori yakiwa na mawe makubwa, yakabomoa nyumba na madaraja na kufukia mali za watu chini ya kokoto.

Ndiyo maana vitu anavyovitafuta kijana huyu haviko juu juu. Mashine ya kawaida huisikia sarafu ikiwa kina cha kiganja kimoja au kidogo zaidi, lakini bati au bomba kubwa hulisikia likiwa chini zaidi ya hapo. Kadiri kitu kinavyokuwa kirefu chini, ndivyo inavyokuwa vigumu kujua kilipo hasa, na ndivyo shimo linavyotakiwa kuwa pana.

Sokoni na vifaa vinne

Tulikwenda pamoja sokoni. Mwenye duka alitutandikia vifaa vinne: jembe, sururu, koleo na mtarimbo.

Jembe tuliliweka kando mapema. Limetengenezwa kwa kulima. Hukwangua vizuri udongo wa juu, lakini ukilishusha kwenye shimo jembamba mpini hugonga ukingo. Sururu huvunja ardhi ngumu kama mchezo, ila haioni. Ikikutana na kitu, imekwisha kukitoboa. Mtarimbo ni wa kung'olea mawe, nao pia ni kipofu.

Koleo ndilo lililobaki, lakini si koleo lolote. Lile pana la kubebea mchanga wa ujenzi halizami. Linalofaa ni lenye bapa jembamba na refu, chuma kinene kisichopinda, na mpini unaofika kiunoni ili mgongo usiumie. Mchimbaji huanza kando ya mahali panapolia, si juu yake, akashuka, kisha akakifuata kitu kwa ubavu. Udongo huwekwa juu ya gunia na kupitishiwa mashine tena, maana mara nyingi kitu huwa kimekwisha kutoka na mtu anaendelea kuchimba shimo tupu. Koleo lenyewe huwekwa mbali kidogo, la sivyo mashine italilia hilo.

Na shimo likikaribia kifua, acha. Kokoto za mto hazishikani, na ukuta wa shimo ukianguka haupigi hodi.

Nilidhani kazi yangu imekwisha. Hapo ndipo kijana aliponiambia kuwa ndugu yake mwenye shamba la kahawa karibu na Bwera amemwita. Walijaribu mashine mlimani, ikalia kwa nguvu, tena kwa kitu kilicho chini sana. Ardhi ya huko ni ngumu, kwa hiyo alitaka kununua na sururu.

Nilimwomba asubiri kwanza.

Mzee wa fimbo nyembamba

Tulipanda gari hadi Kikorongo, tukakata kulia na kuifuata barabara ya Mpondwe, mpakani na Kongo. Bwera nilielekezwa kwa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi na kikosi cha kutegua mabomu. Mimi nilimwamkia shikamoo. Kijana alimwamkia kwa Lukonzo, akakaa chini kwa adabu.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu: "Kijana wangu, kabla yako, nani alipita kwenye mlima huo?"

Kijana hakujibu. Alikuwa mtoto mchanga wakati huo.

Novemba 13, 1996, waasi wa ADF walivuka kutoka nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, wakashambulia Mpondwe. Vita vilivyofuata vilipanda Rwenzori na kudumu kwa miaka, na mabomu ya kutegwa ardhini yakaachwa kwenye njia za milimani. Watu waliokwenda shambani walirudi bila miguu. Uganda, iliyouridhia Mkataba wa Ottawa wa kupiga marufuku mabomu hayo mwaka 1999, ilitangaza Desemba 2012 kwamba imemaliza kusafisha maeneo yote yaliyojulikana.

"Yaliyojulikana," mzee alirudia neno hilo. "Na bomu la kutegwa si kitu pekee. Kombora la mota lisilolipuka huzama lenyewe. Hilo ndilo linalolia kwa chini."

Alichora kwenye vumbi vifaa walivyotumia: fimbo nyembamba ya chuma, mwiko mdogo kama wa mwashi, brashi, na mkasi wa kukatia majani. Fimbo iliingizwa kwa mshazari, taratibu, kwa sababu bomu hungoja uzito kutoka juu. Mtu mwenye mafunzo, aliyevaa kinga, aliweza kumaliza asubuhi nzima kwenye eneo la ukubwa wa mkeka.

"Sisi tulichagua vifaa vinavyotuchelewesha," alisema. "Wewe unataka sururu ili uwahi. Mashine inakuambia kuna chuma. Haikuambii ni chuma gani."

Nilikumbuka panya buku wanaofundishwa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambao wametumika kutafuta mabomu Msumbiji. Wao hunusa baruti, kwa hiyo msumari na kopo hawavijali. Mashine ya kijana wetu haina pua hiyo.

Mzee aliongeza mambo mawili. Madini ya Uganda ni mali ya serikali, na kuyatafuta kunahitaji leseni. Pia, tangu shambulio la Juni 2023 katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, lililoua zaidi ya watu 40, mgeni anayechimba mlimani na mashine masikioni hawezi kushangaa akiulizwa maswali na askari.

Shimo ambalo halikuchimbwa

Hatukupanda mlimani. Mwenye shamba alishuka kutukuta, na mzee akamweleza la kufanya: asiguse, asiwashe moto karibu, azungushie miti mahali hapo kwa mbali, awakataze watoto, na atoe taarifa polisi. Jioni ile ile alikwenda kituoni.

Kilicho chini ya mikahawa ile huenda ni bomba tu la zamani. Kijana aliyasema hayo mara tatu tukiwa njiani kurudi Kasese, na sikumlaumu. Alikuwa amehesabu kilo zake tayari, na mwenye deni alikuwa akimpigia simu.

Asubuhi iliyofuata alinunua koleo jembamba. Sururu aliiacha dukani. Nilimwona tena mtoni, gunia limetandikwa kando, akianza shimo lake hatua moja kutoka pale mashine ilipolia.