Yasmin wa Kitabuni, Yasmin wa Sinema

Ukienda kutazama Vuta N'kuvute pamoja na watu waliopitia Kidato cha Sita Tanzania, usitegemee ukimya. Riwaya hiyo ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, wengi wao wameijibia mtihani, na mhusika wake Denge, mpinga ukoloni wa Mwingereza, wanamjua kama mtoto wa jirani. Taa zikizimwa tu, nyuma yako mtu anaanza kuwataja wahusika walioachwa.

Mimi sina ugomvi na kilichokatwa. Filamu ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto Septemba 2021, haifiki hata saa mbili. Ingemeza vipi safari zote zile za kitabuni, na porojo za Shafi ambazo ndizo tamu yake? Ugomvi wangu uko mahali pamoja: pale Yasmin na Denge wanapoonana.

Kitabuni, Yasmin, msichana wa Kihindi, anaozwa Bwana Raza, mwenye duka wa umri wa kumzaa. Anaishi naye, yanamfika shingoni, anaondoka. Jamaa zake wanamkataa. Anayempokea ni Mwajuma, kule Ng'ambo ya mji wa Zanzibar, na ni kwa Mwajuma ndiko anakojuana na Denge. Kwenye filamu wanakutana usiku, bibi harusi akiwa bado njiani kwenda kuolewa.

Naelewa kwa nini. Mtazamaji anapewa mapenzi na siasa za kumpinga Mwingereza mapema, kabla hajaanza kuchezea simu. Ila Yasmin wa Shafi aliivunja ndoa pasipo mwanamume wa kumkimbilia. Alitoka mikono mitupu, hajui atalala wapi, na ujasiri ule ulikuwa wake peke yake. Ukimtanguliza Denge, hata kwa mtazamo wa dakika moja gizani, tayari umempa sababu ambayo hakuihitaji.

Kwa Mwajuma, hata hivyo, nasalimu amri. Shivji amempa nafasi hiyo Siti Amina, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, na hapo sinema inakipiku kitabu, maana kitabu hakiimbi. Alipofungua kinywa, hata yule mhesabu wahusika wa nyuma yangu alinyamaza.

Mwalimu atakayewaonyesha wanafunzi filamu kabla ya riwaya ajiandae tu: atasahihisha rundo la majibu ambamo Denge yumo tangu usiku wa harusi.