Wakuu wa Polisi na Watu wa Mto Tana

Mtu asafiriye kwa gari kutoka Malindi kwenda Lamu hupita Garsen, mji mdogo ulio kando ya Mto Tana, na huko huwaona askari polisi wakikagua magari. Ni wasafiri wachache wajiulizao: Je, askari huyu anapokea amri yake kwa nani? Swali laonekana dogo, lakini limewasumbua wakuu wa polisi wa Kenya tangu zamani, na watu wa Tana wanayo sababu ya kutaka jibu lake.

Kazi hii ilianzia pwani. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopata hati ya kifalme mwaka 1888, iliweka askari Mombasa ili walinde mali na biashara yake. Sheria ya polisi ilitungwa mwaka 1906. Vijijini, lakini, kulikuwa na askari wa namna nyingine: Askari wa Kabila, waliowekwa kwa sheria ya mwaka 1929, ambao amri yao ilitoka kwa Bwana DC wala si kwa Kamishna wa Polisi. Mwaka 1958 wakaitwa Polisi wa Utawala. Basi zikawa sare mbili na wakubwa wawili. Sisi makarani twaijua taabu ya barua iliyopelekwa kwa wakubwa wawili. Kila mmoja hudhani mwenzake ameijibu.

Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, aliletwa Kamishna mpya, Arthur Young, aliyekuwa mkuu wa polisi wa Jiji la London. Yeye alishika neno moja: polisi ni watumishi wa sheria, na Homgadi akimdhulumu raia achunguzwe kama mtu mwingine yeyote. Serikali haikumkubalia, naye akajiuzulu kabla hajatimiza mwaka. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, huku huku Tana, mahabusu 11 walipigwa hadi kufa. Waliowapiga walikuwa askari wa magereza, si polisi. Hata hivyo taarifa ya kwanza ya Serikali ilidai kwamba watu wale walikufa baada ya kunywa maji. Nadhani Young, aliposikia habari hizo, hakushangaa sana.

Richard Catling alikuwa Kamishna wa mwisho wa kikoloni. Bernard Hinga, Mwafrika wa kwanza, alishika kazi hiyo mwishoni mwa mwaka 1964, akakaa mpaka 1978. Wakuu wengi walifuata, wote wakiteuliwa na Rais, na zile sare mbili zikabaki na wakubwa wao mbalimbali.

Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyowaweka wote chini ya Inspekta Jenerali mmoja. Yeye huteuliwa kwa idhini ya Bunge, hutumika miaka minne isiyoongezwa, wala Waziri hawezi kumwamuru amchunguze fulani au amwache fulani. Young aliomba jambo la namna hiyo miaka 56 kabla.

Lakini katiba kuandikwa ni jambo moja, na mkuu mpya kuapishwa ni jambo jingine. Katikati ya hayo mawili ukaja mwaka 2012. Ugomvi wa mashamba na malisho, na wa njia za kuwafikisha ng'ombe mtoni, haukuwa mgeni baina ya Wapokomo na Waorma. Mwaka 2001 ulikwisha kuua watu zaidi ya 100. Tarehe 22 Agosti 2012 watu zaidi ya 50 waliuawa Riketa, wengi wao wanawake na watoto. Tarehe 10 Septemba kijiji cha Kilelengwani kilishambuliwa, wakafa watu 38, na tisa kati yao walikuwa askari polisi. Askari hao walikuwa wachache, katika wilaya ambayo mvua ikinyesha magari hukwama kwenye matope. Baada ya vifo hivyo ndipo Serikali ilipotangaza amri ya kutotoka usiku, ikaleta askari zaidi ya 2,000, na tume ya Jaji Grace Nzioka ikaundwa ichunguze.

Hata hivyo, alfajiri ya tarehe 21 Desemba, Kipao nako kulishambuliwa, watu wapatao 40 wakafa. Siku chache baadaye, mwezi huo huo, David Kimaiyo aliapishwa Nairobi kuwa Inspekta Jenerali wa kwanza, na watu wa Kipao walikuwa wametoka tu kuzika.