Reli ya Kasi: Mpanda Yasubiri Shehena

Treni ya umeme ya SGR, iliyosanifiwa kwenda kilometa 160 kwa saa, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Kwa wafanyabiashara wa mahindi na mpunga mkoani Katavi, hata hivyo, suala si mwendo bali ni mzigo.

Mpanda inayo reli ya zamani ya kilometa 210 kutoka Kaliua, iliyojengwa na Waingereza kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, mzigo wake mkuu ukatoweka.

Mpango wa SGR una tawi la Kaliua hadi Mpanda na Karema, ambako imejengwa bandari ya kuvuta shehena ya Kongo. Nafaka hutoka kwa msimu, hivyo peke yake haiwezi kurudisha gharama ya njia hiyo. Lazima mabehewa yajae kwenda na kurudi.

Anayetaka kujenga ghala Mpanda kwa kutegemea SGR aangalie kwanza tani zinazopita Karema. Zisipoongezeka, bei ya gunia itaendelea kufuata nauli ya malori katika lami ya Tabora.