Je, Mwenyezi Mungu Hujuta?

Mtoto aliyesikia shuleni, katika kitabu cha Mwanzo, kwamba Mungu alijuta kumuumba mwanadamu, hurudi nyumbani akatuuliza. Tumjibu nini? Majuto humpata asiyejua mwisho wa jambo. Naye Allah, Subhanahu wa Taala, ni Mjuzi wa yote.

Tuutazame umma wa Nabii Yunus, alayhis salaam. Walionywa adhabu inawajia, wakaamini, nayo wakaondolewa, kama ibainishavyo Sura Yunus, aya ya 98. Hakugeuka Mola, waligeuka waja, na toba yao aliijua kabla hawajazaliwa.

Basi, akina mama wenzetu, tusimkatie tamaa mtoto aliyepotoka tukasema ndivyo alivyoandikiwa. Dua yetu nayo imeandikwa. Tuinue mikono, mlango wa toba ungali wazi.