Bomba Likikauka, Uchafu Huingia

Wakazi wa Manzese, Tandale na Mbagala wanaijua hali hii: mgao unaisha, bomba linatoa hewa kwa kelele, kisha yanatoka maji ya rangi ya kutu. Wengi hulaumu mtambo. Mara nyingi, hata hivyo, maji yalitoka mtamboni yakiwa safi, yakaharibikia njiani.

Maji ya jiji hutoka hasa Mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu ulianza kazi mwaka 1959, na ule wa Ruvu Chini mwaka 1976. Yote miwili imepanuliwa. Ruvu Chini peke yake ulijengewa uwezo wa lita milioni 270 kwa siku. Lakini kupanua mtambo hakuzibi mabomba yaliyooza mitaani. Kwa miaka mingi karibu nusu ya maji yaliyosafishwa yalipotea kwa kuvuja na kuibwa.

Bomba likijaa maji yenye nguvu, maji husukuma kwenda nje, na uchafu hauingii kwa urahisi hata penye tundu. Maji yakikatwa, nguvu hiyo huisha. Hapo bomba huvuta kilichopo nje yake: maji ya mtaro, au ya choo cha shimo kilichojaa. Kwa hiyo mpira wa plastiki uliopitishwa mtaroni ili kuokoa mita chache huhatarisha majirani wote, si mwenye nao tu.

Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Kinondoni, kisha kikaenea mikoa mingi. Hatusemi mabomba peke yake ndiyo yaliyokileta, kwani visima na vyoo pia vina lawama. Lakini kidudu hicho hupenda njia kama hizi.

Bomba kuu jipya likilazwa, lioshwe na kutiwa klorini kabla ya kufunguliwa. Laini za zamani zifungwe kabisa, na zile za nyumbani zihamishwe kutoka mtaroni. Hapa ndipo kazi nyingi huishia nusu, kwa sababu gharama huangukia mwenye nyumba.

Ukiona mahali panapovuja, toa taarifa DAWASA, hata kama si kwako. Maji ya kwanza baada ya mgao yafulie au umwagilie bustani. Ya kunywa yachemshe mpaka yatokote, uyahifadhi katika chombo chenye mfuniko, na uyachote kwa kata yenye mpini mrefu.