Ingizo, analogi, mkondo: istilahi za kuunganisha kihisi na kidhibiti

Maji ya Mto Ruvu husafishwa katika mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, wilayani Kibaha. Tangu mwaka 2020 sehemu yake hufika mji wa Kisarawe kupitia Kibamba. Katika kazi ya namna hii, kidhibiti kinachoendesha pampu kwa programu hakina budi kujua hali ya tangi lililo mbali. Kihisi hupima kina, waya huchukua ishara, na moduli ya ingizo huipokea na kuigeuza kuwa tarakimu. Mfasiri wa mwongozo wa fundi akikosea istilahi moja, tangi huweza kufurika.

Ingizo, si pembejeo. Pembejeo ni mbegu, mbolea na dawa za mkulima. Kinachoingia katika kidhibiti ni ingizo (wingi: maingizo), kutokana na kitenzi *ingiza*.

Analogi, si analojia. Analojia katika isimu ni mlinganisho. Ishara ya analogi hupanda na kushuka mfululizo, kama maji yapandavyo tangini. Ishara ya dijiti ina hali mbili tu, ipo au haipo.

Mkondo. Mto una mkondo, na umeme pia. Katika matini ya mitambo ya maji, inafaa kuandika *mkondo wa umeme* kwa ukamilifu. Mkondo si volteji: moduli inayopokea volteji haisomi ishara ya mkondo mpaka kikinzani kiunganishwe. Kwa kikinzani cha omu 250, miliampea 4 hadi 20 huwa volti 1 hadi 5.

Ishara ya chini kabisa, si "hakuna ishara". Hapa ndipo penye hatari. Kwa tangi la mfano lenye kina cha mita 6, miliampea 4 humaanisha tangi tupu, 12 mita 3, na 20 tangi lililojaa. Sifuri haimo katika kipimo hicho: huashiria hitilafu, kama vile waya uliokatika. Kidhibiti kilichopangwa kuisoma sifuri kama tangi tupu kitaendelea kusukuma maji ilhali tangi limejaa.

*Sahihi:* Ishara ikiwa miliampea 4, tangi ni tupu. Ishara ikikosekana, pampu isimamishwe na waya ukaguliwe.

*Si sahihi:* Ishara ikikosekana, tangi ni tupu.